Kawaida ya Breki

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kupika kwenye ile baa, huwa nawaambia ni moshi. Moshi wa mkaa unaharibu macho, nasema, nao wanatikisa kichwa kwa huruma. Si kweli. Nilitolewa na mdomo wa mtu mmoja, na mdomo wenyewe haukuwa na magego.

Baa hiyo tuliijenga mimi na marehemu mume wangu. Yeye alishika mwiko wa saruji, mimi nilibeba matofali na mimba. Mimba haikukaa, matofali yakakaa. Alipofariki, karatasi za nyumba zilikuwa na jina lake peke yake, na jina lake lilikuwa la ukoo wao. Wakakaa kikao. Mimi ndiye niliyepika chakula cha hicho kikao, na nilipoingia kutoa vyombo ndipo nikaambiwa kilichoamuliwa. Mdogo wa marehemu alinifuata mlangoni, sahani zimenijaa mikononi.

"Shemeji," akasema, "baa ni ya ukoo, huo ndio utaratibu. Lakini jiko ni lako. Hakuna mtu wa kukutoa."

Nikakubali. Ningefanya nini, niende mahakamani na upawa? Nikabaki na chumba changu nyuma ya stoo ya kreti, na jiko, na kidirisha cha kupitishia sahani. Kile kidirisha kilikuwa kimekatwa chini kidogo, marehemu alipima kwa kimo changu na si kwa kimo cha wahudumu, kwa hiyo wao waliinama na mimi nilisimama wima. Kutokea hapo niliona kaunta, mlango wa mbele, na meza ya kona.

Meza ya kona ilikuwa na wenyewe. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa barabara na aliyekuja na nywele za watu mabegani. Fundi Saa, mpole, jicho moja dogo kuliko jingine kwa kuchungulia saa za watu maisha yake yote. Na Breki. Breki aliendesha malori mpaka mgongo ukamkataa, na aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa nayo. Wote watatu walikuwa marafiki wa marehemu, na wote waliniita Shemeji, kisha wateja wengine wakaiga. Nilikuwa na mashemeji wengi kuliko mke wa mfalme, na hakuna hata mmoja aliyesimama siku ya kikao.

Menyu hatukuwa nayo. Mtu aliketi, akampungia mhudumu mkono, akasema, "Kawaida." Mhudumu alikuja kidirishani akaniambia, "Kawaida, Kinyozi," na mimi nilijua. Kawaida ya Kinyozi ilikuwa supu isiyo na chumvi, maana presha ilishamwangusha mara moja kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea. Kawaida ya Fundi Saa ilikuwa mayai yaliyokaangwa upande mmoja, kiini kikitetemeka. Na kawaida ya Breki ilikuwa maini na viazi.

Hapo kwenye maini ndipo penye hadithi yote. Breki mbele alikuwa na meno mazuri, makubwa, ya kuchekea. Nyuma palikuwa ufizi mtupu. Sijui yaliendaje; wengine walisema usukani ulimpiga katika ajali, na mwenyewe alipenda kusimulia kwamba anafungua chupa kwa gego. "Mimi nikipewa spana natafuna," alikuwa akisema, na watu wanacheka. Lakini sahani zake zilirudi jikoni, na sahani hazijui kujisifu. Chini ya maganda ya viazi nilikuta madonge ya nyama yaliyonyonywa yakatupwa, meupe, kama pamba iliyotolewa sikioni. Nikaelewa. Tangu siku hiyo maini yake niliyachemsha kwanza, nikayakata vipande vidogo kama vya mtoto, kisha nikavipanga vikae kama kipande kimoja na kuvifunika kwa mchuzi mzito wa vitunguu. Ukitazama ukiwa mezani, lilikuwa ini zima la mwanaume. Sahani ikaanza kurudi safi. Hakunishukuru na mimi sikumwambia. Ukila na kipofu usimshike mkono. Ila alibadilika kidogo: badala ya kumwagiza mhudumu alikuja mwenyewe mpaka kidirishani, akainamisha kile kichwa chake kikubwa, akasema polepole, "Kama kawaida, Shemeji." Hayo tu.

Basi, ng'ambo ya barabara ikafunguliwa baa nyingine, yenye taa za rangi na kuku wa kuokwa. Vijana wakahamia huko kama nzi. Shemeji, yule mdogo wa marehemu, akamleta binti yake asimamie kwetu.

Binti huyo nilimlea. Mama yake alikuwa mtu wa safari za biashara, na mtoto alikulia mgongoni kwangu, hapo hapo jikoni, akilala kwa mlio wa kisu kwenye kibao. Ananiita Mama Mkubwa. Alikuwa amesomea mambo ya hoteli, na alirudi na viatu vyeupe na kalamu sikioni. Siku ya kwanza alisimama kaunta akamuuliza mhudumu, "Hapa chakula gani kinatoka zaidi?"

Mhudumu, bila kuwaza, akajibu, "Kawaida."

"Hicho ndicho kinaagizwa zaidi?"

"Kila mtu anaagiza Kawaida, dada. Hasa wazee wa kona."

Nilimsikia kwa masikio yangu, mikono yangu imo kwenye beseni, na nikacheka peke yangu. Nilidhani binti pia ameelewa. Ameishi mgongoni kwangu, ataachaje kuelewa? Lakini mtoto wa mgongoni anaona kisogo chako tu.

Zikapita siku chache. Akaitisha watu wa kazi, na baba yake akaja. Akatoa kadi ngumu zenye nailoni, zimeandikwa, na zina picha. Wakati huo sikujua kusoma kabisa. Hata sasa nasoma kwa kidole. Akatusomea. Kuku wa vitu fulani, viazi vya namna fulani, saladi. Akafika katikati ya kadi, penye herufi kubwa kuliko zote, akasoma kwa fahari, "Kawaida! Mbavu za kuokwa, viazi vya kukaanga, na sosi ya nyumba. Hii nimeiweka kwa heshima ya wateja wetu wa zamani. Nimesikia wanavyoipenda, nikaipandisha hadhi."

Mhudumu akaangalia chini. Mimi nikasema, "Mwanangu, Kawaida si chakula."

"Mama Mkubwa, sasa ni chakula."

Akaingia kijana wa kofia nyeupe, mpishi mpya, na nyuma yake likaingia jiko la gesi likisukumwa na watu wawili. Jiko langu la mkaa likatolewa nje, likawekwa chini ya bomba la maji ya mvua. Nikamtazama shemeji. Akajikuna shingo.

"Shemeji, usinitazame hivyo. Umechoka. Miaka hii yote unavuta moshi. Njoo nyumbani kwangu, ukae na wajukuu, upumzike."

"Wanaopumzika ni waliokufa," nikasema. "Uliniambia jiko ni langu."

"Nilisema." Simnyimi haki yake: aliona haya, na haya ilimfanya atafute njia. "Basi tufanye hivi. Jumamosi mchana tujaribu. Baa hii inasimama kwa meza ya kona. Wao wakihama, wengine wanafuata. Wazee wakikataa chakula kipya, gesi inarudi ilikotoka, na wewe unarudi jikoni kwako. Wakikubali, hakuna maneno tena. Wateja ndio waamue."

Binti akasema, "Sawa, baba," lakini kalamu ilimdondoka.

Ijumaa habari ilikuwa imeshafika mezani. Breki akaja kidirishani, akainama.

"Shemeji, nimesikia. Usiwe na wasiwasi hata kidogo."

"Nisiwe na wasiwasi na jiko langu liko kwenye bomba la mvua?"

"Kesho nikionja tu, natema. Natema mbele ya wote."

"Tema kistaarabu, basi. Usimtemee mtoto wa watu."

"Nitatema pembeni." Akacheka, meno yake ya mbele yakang'aa. Kisha akashusha sauti. "Nani mwingine atanipikia mimi? Eh? Nani?"

Hilo ndilo lililonipa usingizi. Si urafiki wake na marehemu, wala heshima. Nilijua ananihitaji, na mtu mwenye shida na wewe unaweza kumtegemea. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Jumamosi baa ilijaa. Waliokuja kula walikuwa wachache. Wengi walikuja kutazama, wengine hata kutoka ng'ambo ya barabara, chupa mkononi. Mimi niliwekwa kwenye kreti iliyogeuzwa, nimenye viazi. Kijana wa kofia alikuwa mtu wa adabu, aliniita Mama, akaniomba nipishe kila alipotaka kupita. Nilipopata nafasi nilichukua kipande cha ubavu nikaonja. Ningependa kuwaambia kilikuwa kibaya. Kilikuwa kitamu. Nyama ilishika mfupa kidogo, inavyotakiwa kwa mtu mwenye meno, na sosi ilikuwa na utamu na ukali. Nikameza, na ule ubavu ukanikaa kifuani kama jiwe.

Binti akaingia, kwapa zimelowa. Akanishika bega.

"Mama Mkubwa, niombee."

"Nikuombee nini?"

Hapo ndipo alipokumbuka anaongea na nani. Akatoka.

Nikaacha viazi, nikaenda kusimama penye kidirisha changu. Wazee waliketi kona yao, wamenyooka kama mashahidi. Mhudumu akawapa kadi. Kinyozi akaigeuza upande huu na ule, akairudisha.

"Kawaida," akasema.

"Kawaida," akasema Fundi Saa.

"Kama kawaida," akasema Breki, na akatupa jicho kidirishani.

Sahani zikatoka, tatu, zimefanana kama watoto pacha na wa tatu wao. Mbavu, viazi, sosi kidogo pembeni. Binti mwenyewe akazishusha mezani.

Kinyozi akaangalia sahani ya Fundi Saa. Fundi Saa akaangalia ya Kinyozi.

"Samahani, binti," Kinyozi akasema, "hii ni kawaida ya nani?"

"Ni Kawaida, baba."

"Naona. Nauliza ya nani. Yangu ni supu."

"Yangu ina yai," Fundi Saa akasema kwa upole. "Labda yai limo ndani ya mfupa."

"Hii ndiyo Kawaida mpya," binti akasema. "Ni moja kwa wote."

"Kawaida moja kwa wote!" Kinyozi akageukia watu. "Jamani, hii kawaida si ya kawaida!"

Baa nzima ikacheka. Nami nilicheka, mkono mdomoni, na roho ikaanza kunirudi. Binti alikuwa amesimama katikati ya kicheko, ameshika trei kifuani kama ngao. Shemeji, aliyekaa kaunta, akaanza kujikuna shingo. Nikasema moyoni, bado Breki tu. Atie neno lake, yaishe.

Breki alikuwa ameshachukua ubavu. Naamini alitaka kuonja ili apate kutema, kama alivyoniahidi. Akauweka mdomoni, akavuta nyama kwa meno ya mbele. Nyama ikaja, ndefu. Akaanza kuitafuna na yale meno ya mbele, haraka haraka, midomo imechongoka.

Kinyozi, ambaye mzaha ulikuwa umemkolea, hakujua anachogusa. "Breki! Mbona unatafuna kama sungura? Au meno yameshastaafu?"

Watu wakalipuka. Mmoja wa vijana wa ng'ambo akapiga meza. "Mzee wa spana! Leo spana imemshinda!"

Nilimwona Breki anavyobadilika. Shingo ilivimba, macho yakatoka. "Meno?" akasema, nyama imejaa shavuni. "Meno gani? Nani kasema meno?" Na ili kuwaonyesha, akaimeza ile nyama yote kama ilivyo.

Haikushuka.

Mwanzoni watu waliendelea kucheka. Breki akashika ukingo wa meza. Uso ukawa mweusi, kisha rangi ambayo sina jina lake. Fundi Saa akasimama akaangusha kiti. Binti alisema, "Maji, maji," lakini hakusogea. Mimi sikupita mlangoni. Sijui nilipita wapi, najikuta tu niko nyuma yake, nimemwinamisha, nampiga mgongoni kwa kitako cha kiganja, pale kati ya mabega. Mara ya kwanza hakuna kitu. Nikapiga tena kwa nguvu zote za kuponda, kuchota na kubeba. Donge likaruka likatua kwenye sosi ya Kinyozi. Breki akavuta pumzi, na pumzi ile ikalia kama mlango mkavu.

Hakuna aliyecheka tena. Shemeji alikuja mbio kutoka kaunta.

"Breki, vipi? Nyama ngumu?"

Hilo swali lilikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Angesema "ngumu" tu. Neno dogo, halina aibu yoyote. Hata mwenye meno thelathini na mbili angeweza kulisema. Mkono wangu ulikuwa bado mgongoni kwake, nilihisi moyo wake unavyodunda. Akawatazama wale vijana wa ng'ambo. Nao walimtazama mdomoni.

"Ngumu?" akasema, machozi yanamtoka. "Nani kasema ngumu? Laini kabisa! Ni pupa yangu tu. Chakula kitamu kinaua, jamani."

Mtu mmoja akacheka kidogo. Breki akaona kicheko kimerudi upande wake, akakifuata, kama kawaida yake ya kukosa breki. "Tulizoea chakula cha wagonjwa hapa, kila kitu kimechemshwa. Mwanaume unapewa uji wa maini! Huyu binti ametukumbusha kuwa sisi bado wanaume."

Baa ikapiga makofi. Kinyozi akamtazama, akanitazama mimi, akainamia sahani yake akiondoa donge na kijiko. Fundi Saa aliokota kiti.

Shemeji akapumua. Ilimbidi amalize kwa haki, ndivyo alivyo. "Shemeji," akasema mbele ya wote, "umesikia. Una la kusema?"

Nilikuwa nalo. Neno lilikuwa ulimini, limekamilika, lina silabi nne: kibogoyo. Ningelisema, na ningemwambia afungue mdomo mpaka nyuma, na kila mtu angejua kwa nini Breki karibu afe kwa kipande cha nyama na kwa nini uji wa maini ulipikwa. Makofi yangegeuka. Wangemcheka yeye, na mimi jioni ile ningerudisha jiko langu kutoka kwenye bomba la mvua.

Chini ya meza kitu kilinivuta. Breki alikuwa ameshika upindo wa nguo yangu, ameukunja ngumini, anaung'ang'ania kama mtoto sokoni. Uso wake ulikuwa unacheka na watu. Ngumi ilikuwa haijaniachia.

"Sina," nikasema. "Kuleni."

Nikauchomoa upindo wangu, nikarudi jikoni, nikamaliza viazi.

Watu wanaonijua husema nilikuwa na moyo. Moyo gani? Nilitaka kusema. Mpaka leo nikiwa naosha sufuria za watu wengine, neno lile linanipanda kooni na nalimeza kwa hasira. Sijui ni nini kilinizuia. Labda ni mazoea ya mpishi: vya mdomo wa mteja havitoki nje ya jiko. Kunyamaza sikukuchagua.

Asubuhi yake nilikuwa nafunga vitu vyangu. Sikukubali kwenda kulea wajukuu. Nilikuwa nimepata kazi ya kupika kwenye gereji moja mbali na pale, kwa mafundi wanaokula wamesimama na hawasifu wala kukashifu. Binti alikuja akalia mlangoni, akasema hakujua, akasema nibaki niwe namshauri. Nikamwambia, "Shauri nilikupa, mwanangu. Nilikwambia si chakula." Akaondoka akipangusa macho na ile kadi yake ya nailoni, ambayo haipangusi kitu.

Kisha Breki akaja. Aliingia kwa mlango wa nyuma, mchana kweupe, kofia mkononi. Koo lilikuwa limemkauka, sauti haitoki vizuri.

"Shemeji."

"Mimi si shemeji yako. Ndugu yako gani alinioa?"

Akasimama. Alitazama lile jiko la mkaa chini ya bomba, limeshaingia maji.

"Nilikosa," akasema.

"Ungesema neno moja tu, Breki. 'Ngumu.' Ungekufa?"

"Na wewe," akasema, haraka, kama mtu aliyelala na jambo hilo kifuani, "ungesema neno moja. Kwa nini hukusema?"

Nilimtazama. Nilikuwa na majibu mengi, yote ya kumchoma, nami ni mtu wa kuchoma nikitaka. Kila nililoligusa niliona linanichoma mimi kwanza. Mkokoteni ulikuwa unasubiri barabarani, na mwenye mkokoteni alishaanza kupiga mluzi wa kukata tamaa.

"Sasa utakula wapi?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Mimi pia sijui."

Akabaki pale, mkubwa, amejaa mlango wote, hapiti wala hatoki. Nikaona nitachelewa.

"Shika upande ule wa godoro," nikamwambia. "Na usiongee."

Akashika.